Mtoto Ameshiba, Mwili Una Njaa

Je, umepata kumwona mtoto wa namna hii? Umri wake ni mwaka mmoja na nusu, au miwili. Amekaa peke yake ukutani. Wenzake wanacheza, yeye hachezi. Uso umejaa, mashavu yamevimba, hata mgeni apitaye njiani husema, “Mtoto huyu amenenepa kweli!” Lakini hebu tazama miguu yake. Nayo imevimba, tena ngozi ya mapaja inabambuka kama chokaa ya ukuta mkongwe. Nywele zilizokuwa nyeusi zimekuwa nyekundunyekundu, laini, na ukizivuta kidogo zinatoka zenyewe. Ukimpa chakula anageuza uso. Ukimbeba analia, ukimwacha analia.

Mtoto huyu hakunenepa hata kidogo. Kinachojaza mashavu yake ni maji, na chini ya maji hayo nyama ya mwili imekwisha. Ugonjwa wake unaitwa unyafuzi, na wengi wamezoea kuuita kwashakoo. Una ndugu yake aitwaye nyongea: huyo humkondesha mtoto mpaka akafanana na mzee, mbavu zikahesabika. Wote wawili wamezaliwa na mama mmoja, naye ni utapiamlo.

Sasa wengi wetu tukisikia neno utapiamlo tunafikiri habari za njaa: mvua imekosekana, nzige wamekula mashamba, watu wanakimbia vita. Kweli, hapo upo. Lakini leo nataka kukueleza habari za utapiamlo mwingine, ule unaokaa katika nyumba ambayo jikoni moto unawaka kila jioni na hakuna anayelala na njaa. Huo ndio unaotumaliza zaidi, kwa sababu hatuutazamii.

GHALA LIMEJAA, WATOTO WAMEDUMAA

Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilifanya uchunguzi mkubwa wa afya za watu, kama inavyofanya kila baada ya miaka kadhaa. Ilionekana kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2010 walikuwa 42, basi tumeendelea, wala tusilidharau jambo hilo. Lakini swali ni hili: mikoa gani ina watoto wengi zaidi waliodumaa? Ungedhani ni ile ya ukame. Sivyo. Ya kwanza ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa wamedumaa, kisha Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, maharage na viazi!

Mtu akiyasikia haya mara ya kwanza hukataa. Atasema watu wa huko ni wafupi kwa asili yao. Walakini watoto wa huko huko, wakilishwa vizuri tangu tumboni, hurefuka kama wengine. Na udumavu si jambo la urefu tu. Ubongo nao hujengwa katika miaka ile ile ya kwanza, tangu siku ya kutungwa mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, siku 1,000 hivi. Mtoto aliyekosa vifaa vya ujenzi wakati huo ataingia darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake, na mwalimu atamwita mvivu. Baada ya umri ule kulirudisha lililopotea ni kazi ngumu sana.

Sababu ni nini, basi? Fikiri siku ya mama mkulima wakati wa palizi. Anaondoka alfajiri, anamwacha mtoto mdogo kwa dada yake wa miaka minane. Katika sufuria kuna uji wa sembe uliopikwa asubuhi, mwepesi ili usimpalie mtoto. Mtoto anakunywa saa nne, anakunywa tena saa nane, umeshapoa na inzi wameutembelea. Jioni mama anarudi amechoka, anasonga ugali. Mtoto anapewa tonge na mchuzi, anasinzia kabla hajamaliza. Tumbo lilijaa mara tatu. Lakini lilijaa maji na wanga tu! Maharage yako gunia zima chumbani, yanangoja mnunuzi wa kutoka mjini. Mayai yameuzwa sokoni, na kwa fedha ile mtoto kanunuliwa soda na biskuti. (Hiyo soda ndiyo inayonikasirisha mimi kuliko yote. Yai limetoka nyumbani, maji ya sukari yameingia, na mama anaona amempenda mwanawe.)

KUKU WA JAVA

Watu walichelewa sana kufahamu kwamba mtu anaweza kushiba na huku mwili una njaa. Mwishoni mwa karne ya 19 Waholanzi walitawala kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Askari na wafungwa huko walishikwa na ugonjwa uitwao beriberi: miguu hupoteza nguvu, mtu hawezi kusimama, mwisho moyo unachoka na kusimama. Daktari Christiaan Eijkman alitumwa atafute kijidudu kinachouleta. Alifuga kuku ili awapime.

Siku moja akaona kuku wake wanapepesuka, miguu imelegea, kama vile wagonjwa wa beriberi. Akashangaa. Kabla hajajua la kufanya, kuku wakapona wenyewe. Akaulizauliza, akapata habari ya kuchekesha. Mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali uliobaki jikoni mwa hospitali ya askari, wali mweupe uliokobolewa vizuri. Kisha akaja mpishi mpya, mtu wa kufuata amri, akasema hawezi kuwapa kuku wa kiraia wali wa jeshi. Basi kuku wakarudishiwa mchele wa kawaida wenye ganda lake jembamba, wakapona.

Eijkman mwenyewe alidhani kwanza kwamba wali mweupe una sumu. Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyeelewa sawasawa: si kwamba katika wali mweupe kuna kitu kibaya, bali kuna kitu kizuri kilichotolewa pamoja na ganda. Mwaka 1912 mwanasayansi Casimir Funk akavipa vitu vya namna hiyo jina ambalo kwetu limekuwa vitamini. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, na nadhani yule mpishi mkaidi alistahili japo kipande chake.

Kwa nini nakusimulia habari za kuku? Kwa sababu ganda la mahindi ni kama ganda la mchele. Mashine ya kukoboa inapotupa pumba, inatupa pia vitamini za kundi B na madini ya chuma, na nguruwe wa jirani ndio wanaofaidi. Ugali wa sembe ni mweupe, ni mlaini, mgeni akija tunaona fahari kuuweka mezani. Ugali wa dona una rangi ya kijivu na tunauita chakula cha magereza. Mwili wa mtoto hauoni rangi.

Wala usidhani mahindi peke yake, hata yakiwa dona, yanatosha. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walishikwa na pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi kila panapopigwa na jua, unaoleta kuhara na hata kuvuruga akili. Waliougua walizidi 17,000. Chakula hakikukosekana kambini, mahindi yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa karanga. Mgao wa karanga ulikatika, na baada ya miezi ngozi za watu zikaanza kusema.

JINA LENYEWE LINAELEZA

Turudi kwa mtoto wetu aliyevimba. Daktari wa kwanza aliyeuandika ugonjwa huu vizuri, kwa jina lake la Kiafrika, alikuwa mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyefanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto wengi wenye uvimbe na ngozi iliyobambuka. Madaktari wenzake walisema ni pelagra, yamekwisha. Yeye hakuridhika. Akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wa siku zile hawakulifanya: akawauliza kina mama wenyewe, ninyi mnauitaje? Wakamjibu kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Akaandika habari zake mwaka 1933, na tena mwaka 1935, akasema ni ugonjwa wa chakula na unawapata watoto wanaolishwa mahindi matupu. Wenzake walibishana naye miaka mingi. Mwaka 1952 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yalitoa taarifa nzima juu ya kwashiorkor katika Afrika, wala hapakuwa tena na wa kumcheka.

Huku kwetu nako wazee waliliona jambo lile lile. Waganda waliuita ugonjwa huu obwosi, wakasema unamshika mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Na Tanzania, je? Hapa nitasema wazi, maana tunanong'onezana tu na watoto wanakufa. Tunasema mtoto “amebemendwa”. Tunasema wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au baba ametembea nje ya ndoa akarudi na uchafu wake, na mtoto ameharibika.

Angalia jinsi hekima na kosa vinavyokaa nyumba moja. Wazee waliona kweli: mimba nyingine ikija upesi, mtoto wa kwanza anaugua. Ghana waliona, Buganda waliona, na sisi tuliona, bila kuambiana. Ndiyo maana waliwatenganisha watoto kwa miaka miwili au mitatu, na utaratibu ule ulikuwa mzuri. Lakini sababu waliyoitaja siyo. Mtoto hashikwi na unyafuzi kwa kuwa baba na mama walilala pamoja. Anashikwa kwa sababu mama akijiona mjamzito humnyang'anya ziwa siku moja, humpeleka labda kwa bibi, na badala ya maziwa anapewa uji wa muhogo. Ameondolewa kwenye chakula bora kuliko vyote, akawekwa kwenye chakula hafifu kuliko vyote, tena ameondolewa mgongoni kwa mama yake. Hapo kuhara kukija, au surua, au malaria, mwili hauna akiba ya kupigana. Zamani wataalamu walisema kinachokosekana ni protini peke yake, ile sehemu ya chakula inayojenga nyama ya mwili. Siku hizi wanaona mambo ni zaidi ya hapo: chakula kibovu cha kila namna pamoja na maradhi yanayofuatana.

Na kosa hili lina gharama. Mama mwenye mtoto aliyevimba anaona aibu. Akienda kliniki, wenzake wataangaliana na kucheka chini chini: “Amembemenda mwanawe.” Basi anamfunika kwa kanga, anamficha ndani. Mume anamlaumu mke, mke anamshuku mume. Wanakwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji, wanapewa dawa ya kumwogeshea mtoto, wiki inapita, ya pili inapita. Wakifika hospitali mtoto amekuwa baridi, hawezi hata kulia. Ninyi mnaowacheka wenzenu kwenye foleni ya kliniki, jueni mnachofanya.

Mama aliyepata mimba na huku ananyonyesha asiogope. Maziwa yake hayakugeuka sumu. Kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, ila naye ale vizuri zaidi maana sasa wanakula watatu. Na ikimpasa kumwachisha mtoto ziwa, amwachishe pole pole, huku chakula kizuri kimetangulia.

UJI ULE ULE, LAKINI MWINGINE

Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama tu. Hata maji hahitaji, hata wakati wa joto. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, ambayo bibi wengine huamuru yakamuliwe na kumwagwa, ni kinga yake ya kwanza. Kuyamwaga ni kama kumwaga dawa.

Baada ya miezi sita maziwa peke yake hayatoshi, na hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopotea. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo sana. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo: tumbo linajaa kabla mwili haujapata kitu. Uji mzito ni mzuri zaidi, lakini mtoto hawezi kuumeza. Tufanyeje?

Bibi zetu waliokuwa wakipika pombe walikuwa na jibu mikononi mwao bila kujua. Jibu ni kimea. Chukua ulezi au mtama, uloweke, uache uote, uukaushe juani, uondoe vimizizi, kisha usage. Pika uji mzito kwa unga wa kawaida. Ukishaepuliwa na kupoa kidogo, ukawa wa vuguvugu, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Utaona kwa macho yako uji unalainika na kuwa mwepesi kama umeongezwa maji, nawe hukuongeza tone! Sasa uchemshe tena kidogo kwa ajili ya usafi, umpe mtoto. Anakunywa uji mwepesi wenye nguvu ya uji mzito. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980 wakaona ni kweli.

Lakini kimea kinalainisha tu, hakijengi mwili. Uji huo utie karanga zilizopondwa, au maziwa, au unga wa dagaa waliosafishwa vizuri. Karanga zichambue kwanza: iliyoota ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi itupe, wala usimpe kuku. Ukungu huo una sumu inayoitwa sumukuvu, na katika mahindi nayo huingia yakihifadhiwa yangali na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Vivyo hivyo nisemapo habari za muhogo mchungu, tusikate njia mkato katika kuuloweka na kuukausha. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walifupisha siku za kuutengeneza, na wengine wakapooza miguu ghafla, wasipone tena. Ugonjwa ule huitwa konzo, na humshika hasa yule ambaye chakula chake ni muhogo mtupu bila samaki wala maharage.

Mtoto akishaota meno, mpe kile wanachokula wakubwa, kilichopondwa. Katika hospitali ya Mulago huko Kampala wanawafundisha kina mama chakula kiitwacho kitobero: ndizi au viazi, maharage au karanga, mboga za majani, na dagaa au nyama wakiwapo, vyote vinafungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, kisha vinapondwa. Kifurushi cha mtoto kinakaa ndani ya chungu kile kile cha wazazi, basi hakuna kuni za ziada wala kazi ya ziada. Kila mahali pana vyake: Kagera wana senene, Kigoma wana mawese na migebuka, pwani wana nazi na samaki, Dodoma wana mlenda na karanga. Si lazima ng'ombe achinjwe.

MACHO, DAMU NA SHINGO

Vitamini na madini huhitajika kidogo sana, lakini kidogo hicho kikikosekana mtu huharibika. Nitataja vitatu tu.

Cha kwanza ni vitamini A. Mtoto anayeikosa huanza kutoona vizuri jioni. Jua likizama anakaa mahali pamoja, akitembea anajikwaa kwenye vigoda. Wazazi wanasema ana woga. Baadaye macho hukauka, kioo cha jicho hupata kidonda, na upofu wa namna hiyo haurudi nyuma. Surua inapompata mtoto wa namna hiyo huweza kummaliza macho kwa siku chache, ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini. Iko kwenye maini, mayai, maziwa, mawese, papai, embe, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na majani yote ya kijani: mchicha, matembele, kisamvu. Lakini sikia: katika majani na matunda haya mwili hauwezi kuichukua vizuri pasipo mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu na maji yale yakamwagwa ni nusu ya mchicha. Utie karanga au nazi au mafuta kidogo. Ukitaka kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi, zikaushe kivulini, maana jua kali huiua vitamini hii. Tena mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita; hayalipiwi.

Cha pili ni madini ya chuma, yanayotengeneza wekundu wa damu. Uchunguzi ule wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana upungufu wa damu. Mama mjamzito mwenye damu pungufu anahatarisha maisha yake siku ya kujifungua, maana hana ya kupoteza. Vidonge wanavyopewa kliniki wengine huvificha chini ya godoro kwa sababu vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi si kitu; meza kidonge pamoja na chakula kama kichefuchefu kinakusumbua. Na chai? Chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngoja saa moja au mbili. Badala yake kamulia limau kwenye maharage, nalo litayasaidia kuingia. Minyoo ya safura inanyonya damu pia, basi viatu na choo ni sehemu ya lishe, ingawa havilambwi.

Cha tatu ni madini joto. Upungufu wake ndio uliovimbisha shingo za babu na bibi zetu wa nyanda za juu, uvimbe tuuitao rovu. Ubaya mkubwa zaidi haukuwa shingoni: mama aliyekosa madini haya aliweza kuzaa mtoto mwenye akili nzito au bubu. Tangu miaka ya 1990 sheria ya Tanzania inataka chumvi itiwe madini joto. Tazama maandishi kwenye paketi, ihifadhi imefunikwa mbali na moto, na uitie chakula kikiwa karibu kuiva.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu matege. Mara nyingi hutokana na kukosa jua au chokaa ya mwilini, lakini watu wa karibu na Mlima Meru wana sababu ya pekee: maji yao yana floridi nyingi mno, inayoharibu meno na mifupa. Hao wamuulize mtaalamu wa maji, si wa lishe.

SASA KINA BABA

Ningekosa haki kuwasemesha kina mama peke yao. Nani hula firigisi? Nani hupewa paja la kuku, na finyango kubwa za nyama? Mtoto hupewa mchuzi, tukisema nguvu yote imeingia kwenye mchuzi. Haikuingia. Mchuzi una ladha na chumvi. Nyama inayojenga mwili imebaki nyama, nayo iko kwenye sahani ya baba, mtu ambaye alikwisha acha kukua miaka ishirini iliyopita. Finyango moja iliyokatwakatwa au kutwangwa inamtosha mtoto mdogo.

Kuna na miiko. Mjamzito asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Mtoto asile mayai, eti atakuwa mwizi. Mimi nawajua wezi kadhaa, na sidhani waliharibiwa na mayai. Miiko hii huwaangukia wanawake na watoto tu, na ni ajabu kwamba sikupata kusikia mmoja unaomkataza baba kitu kitamu.

Baba ndiye anayeamua magunia mangapi yauzwe. Aamue pia debe ngapi za maharage zibaki. Ndiye anayeweza kupanda mipapai nyuma ya bafu panapotiririka maji, na kumpunguzia mke kuni na maji wakati wa palizi ili apate nafasi ya kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku. Wala hakuna sheria inayomkataza kumpeleka mtoto kliniki yeye mwenyewe.

MPIME LEO JIONI

Mtoto akirudi kuoga, mkalishe. Kwa vidole gumba viwili bonyeza juu ya nyayo zote mbili, polepole, uhesabu mpaka tatu, kisha achia. Yakibaki mashimo pande zote mbili, mtoto huyo ana uvimbe, mpeleke hospitali kesho asubuhi hata kama anacheka na kucheza. Kliniki wana utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari. Kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano, aangaliwe. Zaidi ni kijani. Na kadi yake ya uzito isomeni wote wawili. Mstari ukilala miezi miwili bila kupanda, ulizeni, msingoje mpaka ushuke.

Mtoto aliyekwisha kuvimba asilishwe kwa pupa nyumbani. Mwili wake umezoea uhaba, na chakula kingi kwa mara moja kinaweza kumwua. Hospitalini wataanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, usiku na mchana, watamtia joto, watamtibu maradhi mengine yaliyojificha. Baadaye atapewa chakula dawa cha paketi, chenye karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Dawa hiyo ilitengenezwa na Wafaransa mwaka 1996, na imeokoa watoto wengi sana. Ni yake peke yake. Wasigawiwe kaka zake, wala isiuzwe dukani.

Siku za kwanza mama ataona mizani inashuka badala ya kupanda, atashtuka na kutaka kumtorosha mtoto. Asifanye hivyo. Ni yale maji yanayotoka mwilini. Uso utasinyaa, mbavu zitaonekana, na kwa siku chache mtoto ataonekana mbaya kuliko alivyoingia. Wauguzi waliozoea hawaangalii mizani peke yake. Wanamwangalia usoni, maana mtoto wa unyafuzi hacheki. Asubuhi moja, mara nyingi kabla uvimbe haujaisha miguuni, atanyoosha mkono kuliomba bakuli la mwenzake, kisha atacheka. Nao wanaandika kwenye karatasi yake kwamba anapona.